Bunduki Zikinyamaza Msituni: Ardhi ya Bastar Itapimwa Mbele ya Nani?

Kusini mwa jimbo la Chhattisgarh, katikati ya India, iko nchi ya misitu na milima iitwayo Bastar. Ukubwa wake wapita ule wa Rwanda, na wengi wa wakazi wake ni watu wa makabila ya asili ambao Wahindi huwaita Adivasi, yaani wenyeji wa tangu mwanzo: Wagondi wa namna mbalimbali, Wahalba, Wabhatra, Wadhurwa, Wadorla na wengineo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 nchi hii ilikuwa uwanja wa vita baina ya Serikali na waasi wanaofuata mafundisho ya Mao Zedong, ambao watu huwaita Naxal kwa jina la kijiji cha Naxalbari, huko Bengal, ulikozuka uasi wao mwaka 1967.

Vita hivyo vimefifia. Serikali ya India yasema kwamba mwaka 2010 raia na askari waliouawa katika vita hivyo, kwa nchi nzima, walikuwa 1,005, na mwaka 2024 walikuwa 150. Wilaya zilizohesabiwa kuwa zimeguswa na uasi zilikuwa 126 mwaka 2014, na ilipofika Oktoba 2025 zilikuwa zimebaki 11. Tatu kati ya hizo, zilizohesabiwa kuwa na shida kuliko zote, ni Bijapur, Sukma na Narayanpur, na zote tatu zimo ndani ya Bastar. Hesabu ya wafu hao haiwatii waasi waliouawa, ambao mwaka 2024 katika Chhattisgarh peke yake walipita 200. Na hapo msomaji akumbuke kwamba maiti iliyookotwa msituni haijibu ikiulizwa kama mwenyewe alikuwa muasi au mchuma majani.

Mwaka 2025 uasi ulivunjwa kichwa. Tarehe 21 Mei aliuawa Nambala Keshava Rao, katibu mkuu wa chama cha waasi, katika milima ya Abujhmad. Katikati ya Oktoba mwenzake, Mallojula Venugopal Rao, alisalimu amri katika wilaya ya Gadchiroli pamoja na wafuasi 60, na baada ya siku chache wengine zaidi ya 200 wakaweka silaha chini mjini Jagdalpur. Novemba aliuawa Madvi Hidma, ambaye tofauti na wakuu wengi wa chama chake alikuwa mzaliwa wa Bastar yenyewe, wa kijiji cha Puvarti. Tangu mwaka 2024 Serikali ilikuwa imekwisha tangaza kuwa tarehe 31 Machi 2026 ndiyo siku ya mwisho wa uasi.

Basi sasa kila mtu azungumza habari ya kuijenga Bastar upya. Magazeti ya India yamejaa picha za barabara mpya, shule zilizofunguliwa, na vijiji vilivyowashwa taa za umeme kwa mara ya kwanza. Hayo ni mema, na asiyeyafurahia hana huruma kwa mama aliyembeba mtoto mwenye homa mwendo wa siku nzima kwenda kumtafutia dawa. Lakini sisi tunaoyatazama kutoka mbali yatupasa kuuliza swali moja ambalo katika picha zile halionekani, nalo ni la ardhi. Siku mpima ardhi atakapofika na mnyororo wake, nani atakuwa amesimama pale kuonyesha mpaka, na nani atakuwa hayupo?

Ili swali hili lieleweke hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1905 Serikali ya Waingereza ilikusudia kuifunga theluthi mbili ya misitu ya Bastar, isilimwe kwa kuhamahama, isiwindwe, wala isichumwe mazao yake. Vijiji vingine viliruhusiwa kubaki ndani ya msitu kwa sharti la kukata na kubeba magogo ya idara ya misitu bila ujira, na vingine viliondolewa. Njaa za miaka ile zilikuwa zimekwisha wachosha watu. Mwaka 1910 vikaanza kupita vitu kutoka kijiji hata kijiji: tawi la mwembe, bonge la udongo, pilipili na mishale. Hapakuwa na barua wala hotuba, na kila aliyevipokea alifahamu maana yake. Masoko yaliporwa, nyumba za maofisa na wafanyabiashara zikachomwa, na jina linalokumbukwa mpaka leo ni la Gunda Dhur wa kijiji cha Nethanar. Waingereza walihitaji miezi mitatu kuirudisha nchi mkononi mwao. Illa kazi ya kufunga misitu ilisimamishwa kwa muda, na eneo lililokusudiwa likapunguzwa karibu nusu. Wenyeji huuita uasi ule Bhumkal.

Nimelitaja bonge lile la udongo kwa sababu katika Bastar ugomvi wa watu na dola, tangu enzi za Waingereza mpaka enzi za Serikali huru, umezunguka jambo hilo hilo. Baada ya uhuru wa mwaka 1947 sheria za misitu zilibaki karibu kama zilivyokuwa. Mwaka 1968 mgodi wa chuma wa Bailadila ulianza kazi, na reli ikajengwa kuyapeleka mawe ya chuma mpaka bandari ya Visakhapatnam, yavuke bahari kwenda Japani. Mali ikashuka mlimani kwa magari moshi. Mto Shankini uliokuwa chini ya mlima ukageuka rangi nyekundu, na wenyeji waliounywa maji na kuulimia kando hawakupata katika mali ile ila kidogo sana.

Mnamo mwaka 1980 vikundi vidogo vya waasi vilivuka mto Godavari vikitoka Andhra Pradesh. Watu wengi hudhani waliwavuta wenyeji kwa maneno ya vitabuni. La, walianza na jani. Msituni humo kuna mti uitwao tendu, ambao majani yake hufungiwa tumbaku kuwa sigara ndogo ziitwazo bidi, na katika miezi ya Aprili na Mei jamaa nzima, mume na mke na watoto, hutoka alfajiri kuyachuma na kuyafunga mafungu ya majani 50. Ujira wa fungu ulikuwa duni mno, na askari wa misitu alidai kuku, au samli, au siku ya kazi ya bure. Waasi waliwatisha wanunuzi mpaka ujira ukapanda, wakawatimua askari wa misitu, na watu wakalima walipokuwa wamekatazwa kulima. Huo ndio uliokuwa mlango wao.

Lakini waliopita mlango huo hawakuja peke yao. Walikuja na hukumu za usiku. Waliwashitaki watu mbele ya mabaraza yao na kuwaua kwa tuhuma ya upelelezi, wakazibomoa shule kwa baruti wakisema askari watalala humo, wakayakata mabarabara, wakawachukua vijana na wasichana wadogo kuwa askari wao. Mwezi Julai 2006 waliishambulia kambi ya raia ya Errabore na kuua watu zaidi ya 30. Mwezi Aprili 2010, karibu na Tadmetla, waliwavizia askari wa Serikali na kuua 76 katika asubuhi moja. Anayesema kuwa uasi huu ulikuwa malaika wa makabila hajasikia habari za wajane waliofanywa wajane na waasi wenyewe.

Na Serikali nayo ilifanya yake. Mwezi Juni 2005 ulianzishwa mwendo ulioitwa Salwa Judum, ambao tafsiri yake kwa Kigondi ni karibu na msako wa utakaso. Raia walipewa bunduki dhidi ya raia wenzao, wengine wakiwa vijana wasiomaliza shule. Wakaenda kijiji hata kijiji wakiwataka watu wahamie kambini kando ya barabara kuu, na kijiji kilichokataa kilihesabiwa kuwa cha waasi. Mamia ya vijiji yalibaki matupu. Makumi ya maelfu ya watu walihamia kambi za Dornapal, Konta na kwingineko, na makumi ya maelfu wengine wakakimbilia Andhra Pradesh, sehemu ambayo leo nyingine ni jimbo la Telangana. Mahakama ya Juu ya India, tarehe 5 Julai 2011, iliamua kwamba kuwapa vijana wa makabila silaha namna ile kulikuwa kinyume cha Katiba, ikaamuru kukomeshwe. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Juni, watu 17 waliuawa na askari usiku huko Sarkeguda. Ilipita miaka saba ndipo tume ya jaji ikasema kuwa hapakuwa na ushahidi wa kwamba waliouawa walikuwa waasi.

Sasa nataka msomaji asimame nami kidogo mahali paitwapo Lohandiguda, kwa kuwa hapo ndipo mambo yote haya yaonekana katika kioo kimoja.

Tarehe 4 Juni 2005, mwezi ule ule wa kuanza kwa Salwa Judum, Serikali ya jimbo ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Tata Steel ya kujenga kiwanda kikubwa cha chuma huko Lohandiguda, si mbali na maporomoko ya maji ya Chitrakote. Vijiji 10 vilitakiwa kutoa mashamba. Sheria iliyokuwapo, ya mwaka 1996, yataka katika nchi za makabila baraza la kijiji liulizwe kabla ya ardhi kuchukuliwa. Mabaraza yaliitishwa kweli, lakini wanakijiji walilalamika kwamba yaliitishwa katikati ya polisi, na kwamba waliopinga walikamatwa. Mwaka 2008 ardhi ikaandikwa kuwa imetwaliwa. Waliokuwa na mashamba hayo walikuwa wakulima 1,707. Wengine walipokea fidia, wengine walikataa kuigusa.

Kiwanda hakikujengwa. Mwaka 2016 kampuni ilijitoa. Serikali haikuirudisha ardhi, ikasema itaiweka katika akiba yake. Watu waliendelea kulima mpunga juu ya ardhi ambayo kwa karatasi haikuwa yao tena. Hawakuweza kuikopea fedha benki, wala kuuza mavuno yao kwa Serikali kwa jina lao wenyewe, maana kitabu cha ardhi kilikuwa kimekwisha futa majina. Ikaja Serikali nyingine baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2018, na mwezi Februari 2019 hati zikarudishwa mikononi mwa wenyewe.

Jambo la Lohandiguda lastahili kukumbukwa kwa namna lilivyokwisha kuliko kwa namna lilivyoanza. Hakuna askari aliyehitajika siku ile ya Februari. Wakulima walikuja, wakaitwa majina, wakapewa karatasi. Na kwa jinsi nionavyo mimi, siku ile moja ilimnyang'anya muasi hoja zaidi ya misako mingi, kwa kuwa hoja yake kubwa kwa miaka yote ilikuwa hii: Serikali ikitwaa hairudishi.

Tuje katika kazi za sasa. Serikali ya Chhattisgarh ilianzisha mwaka 2024 mpango uitwao Niyad Nellanar, maana yake kijiji chako kizuri. Kwa mpango huo vijiji vilivyo karibu na kambi za askari, katika mwendo wa kilometa 5 hivi, hupatiwa barabara, maji, umeme, duka la posho, shule na kituo cha watoto. Puvarti, kijiji cha Hidma, kiliwekewa kambi mwezi Februari 2024, na pamoja na kambi ikaja tiba. Jagargunda, mahali ambapo benki iliporwa mwaka 2001 ikafungwa, palifunguliwa benki tena mwezi Mei 2025. Kabla ya hapo mtu alitembea siku nzima kwenda kuchukua malipo yake ya tendu, na kurudi akiwa na fedha kiunoni na hofu moyoni.

Sina budi kuisifu vilevile kazi moja isiyopigwa picha sana. Tangu Januari 2020 wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba msituni wakipima damu ya kila mtu, mgonjwa na mzima, ili kumtafuta aliye na malaria mwilini ila homa haijamshika. Wamevuka mito kwa miguu wamebeba vipimo na vyandarua. Sisi wa pwani ya Afrika tunaoijua malaria kama tunavyolijua jina la jirani tunaweza kuipima thamani ya kazi kama hiyo.

Hata hivyo yatazame masharti ya mpango ule wa vijiji vizuri. Kipimo cha nani ahudumiwe kwanza ni umbali kutoka kambi ya askari. Shule yafuata kambi, kisima chafuata kambi. Kijiji ambacho hakina kambi jirani hungoja, na kijiji kisichotaka kambi hutazamwa kwa jicho la shaka. Mwezi Mei 2021 huko Silger, kambi ilijengwa usiku bila baraza la kijiji kuulizwa. Wanakijiji walipokusanyika kulalamika walipigwa risasi, wakafa watu watatu. Wengine waliendelea kukaa pale kwa miezi na miezi, maelfu wakija kwa zamu na mchele wao. Nao hawakusema hawataki shule wala hospitali, walizitaka. Waliyoyapinga ni kambi, na barabara pana kupita haja ya baiskeli na gari la wagonjwa, maana hapo wao waliliona lori la mgodi hata kabla halijaja. Jumuiya ya vijana iliyouongoza mkutano ule ilipigwa marufuku na Serikali ya jimbo mwezi Oktoba 2024.

Waweza kusema hofu yao ni ya bure. Mimi siwezi kusema hivyo, maana chini ya misitu ile imo chuma nyingi, na mlima mmoja wa Bailadila, ambao wenyeji huuheshimu kwa jina la Nandraj, ulikuwa karibu kuchimbwa mwaka 2019 kwa kibali kilichodaiwa kutolewa na baraza la kijiji. Maelfu waliandamana wakisema baraza lile halikukaa kamwe, na kazi ikasimamishwa ili uchunguzi ufanywe. Wakati ule waasi walikuwa bado na nguvu, na mwenye kampuni alifikiri mara mbili kabla ya kupeleka mitambo. Sasa kizuizi hicho kimeondoka. Kilikuwa kizuizi kibaya, cha damu. Lakini badala yake lazima kiwepo kingine, nacho sheria yenyewe imekwisha kitaja: baraza la kijiji lenye uwezo wa kusema hapana na likasikilizwa.

Katika Abujhmad jambo hili ni zito zaidi. Hiyo ni nchi ya milima ya kilometa za mraba 4,000 hivi, ambayo haikupata kupimwa na mtawala yeyote, si wa zamani, si Mwingereza, wala si Serikali huru mpaka miaka hii ya karibuni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka 2009 mgeni alikatazwa hata kuingia bila ruhusa. Wamaria wa huko hulima mlimani kwa kuhamahama, mwaka huu upande huu, baada ya miaka upande ule, na mpaka wa kijiji hujulikana kwa kijito, jiwe, na kumbukumbu za wazee. Wengi hawana hati. Mpima akifika atauliza shamba lako ni lipi, na mwenye kulima kwa zamu atamwonyesha lile la mwaka huu, na yale sita yanayopumzika yataandikwa msitu wa Serikali. Hapo hakuna atakayekuwa amedhulumu kwa kukusudia, na dhulma itakuwa imekwisha kuingia kitabuni. Sheria ya Haki za Misitu ya mwaka 2006 yaruhusu jamaa kuandikiwa shamba lisilozidi hekta 4, na pia yaruhusu kijiji kizima kuandikiwa msitu wake wa pamoja. Kwa watu kama hawa hati ya kijiji kizima ndiyo iwafaayo, na ndiyo makarani wazitoayo kwa uzito.

Wasomaji wetu wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana maana ya kupima ardhi mwishoni mwa vita. Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, Waingereza waliwakusanya watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vya kuzungushiwa boma, kama walivyokuwa wamefanya Malaya. Na katika miaka ile ile vishamba vilikusanywa na kuandikishwa. Wengi waliokuwa vizuizini au msituni walirudi wakakuta mipaka imekwisha wekwa na majina yamekwisha andikwa. Ugomvi uliozaliwa hapo haukwisha siku ya kupandisha bendera.

India huru nayo iliifuata njia ile ya kukusanya watu, katika milima ya Wamizo kaskazini mashariki. Wamizo waliasi mwaka 1966, mji wao wa Aizawl ukapigwa mabomu na ndege za Serikali yao wenyewe, na kuanzia 1967 wengi wao wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa katika vijiji vya kulindwa. Miaka 20 ikapita. Tarehe 30 Juni 1986 yakatiwa sahihi mapatano, muasi mkuu Laldenga akawa waziri mkuu wa Mizoram, na Februari 1987 Mizoram ikawa jimbo kamili. Leo watu huusifu utulivu wa Mizoram, na kusoma kwao, maana katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 zaidi ya 9 katika kila 10 walijua kusoma. Lakini wachache hutaja kifungu kilichotiwa katika Katiba kwa ajili yao, kisemacho kwamba sheria ya Bunge la India kuhusu umiliki wa ardhi, mila au desturi za Wamizo haitatumika huko mpaka baraza lao wenyewe likubali.

Bastar haina Laldenga. Wakuu wengi wa uasi walikuwa watu wa Andhra na Telangana. Wenyeji walitoa askari wa miguu na makaburi. Wakuu wakisha kufa au kusalimu amri hakuna aliyebaki wa kukaa mezani kwa jina la Wagondi. Wengi waliosalimu wamekwisha ingizwa katika kikosi cha polisi cha wenyeji, wakapewa bunduki nyingine na kupelekwa katika misitu ile ile wanayoijua. Yafaa vita, haifai ujirani, maana jirani aliyemwona mtu huyo akiwa upande ule na sasa yuko upande huu humwogopa mara mbili. Na mabomu yaliyofukiwa na waasi njiani bado yamo ardhini, yakiwalipua wachuma tendu na wachunga ng'ombe ambao hawakuwa upande wowote.

Waliobaki kabisa nje ya hesabu ni wale waliokimbilia Telangana na Andhra tangu 2005. Huko huitwa Gutti Koya. Kwa kuwa wametoka jimbo jingine hawahesabiwi kuwa watu wa makabila yenye ulinzi wa sheria huko walikohamia. Wamefyeka vishamba msituni ili wale, na idara ya misitu imewavunjia vibanda mara nyingi. Mwaka 2019 jamaa chache za kijiji kimoja cha Sukma zilirudi kwao. Wengi hawajarudi.

Katika nyumba zetu mirathi ikigawanywa na mmoja wa warithi hajulikani alipo, fungu lake huwekwa. Hagawiwi mwingine kwa sababu tu hakuwapo mlangoni. Hao Gutti Koya ni warithi wasiokuwapo mlangoni, na mlango wa ardhi ya Bastar unafunguliwa sasa. Haitoshi kuwaambia njoni, barabara imekwisha tengenezwa. Yapasa wapelekewe habari kwa lugha yao, wapewe safari na posho ya msimu mmoja, na mpaka hapo majina yao yawekwe katika daftari la kijiji kabla ya daftari kufungwa.

Sheria ya 2006 inampa aliyeondolewa katika ardhi yake kinyume cha sheria haki ya kurudishiwa au kupewa nyingine, lakini kwa masharti ya tarehe: awe ameondolewa kabla ya tarehe 13 Desemba 2005. Salwa Judum ilianza Juni 2005 na ikaendelea kwa miaka. Aliyekimbia mwezi Novemba yumo ndani ya maneno ya sheria. Aliyekimbia Januari, kutoka kijiji jirani, akifukuzwa na watu wale wale, hana budi kubishana na karani, tena kwa ushahidi wa nyumba iliyochomwa pamoja na karatasi zake. Nalo shamba lililoachwa miaka 20 huota miti, na mpima akilikuta leo ataliandika msitu.